Amina Hailipi Kodi ya Nyumba



Leo tunataka kusema jambo ambalo makanisani linasemwa kwa minong'ono nje ya chumba cha mazoezi, halafu watu wanaingia ndani na kuendelea kuimba. Mwalimu wa kwaya anafanya kazi. Kazi ina ujira. Na sisi waumini tumekuwa tukimnyima ujira wake huku tukilitumia jina la Mungu kama kisingizio.

Hebu tuhesabu harusi moja ya kawaida hapa Pasiansi. Mpambaji wa ukumbi analipwa, tena anachukua nusu kabla hajafunga hata utepe mmoja. Mpishi analipwa. Mshereheshaji analipwa. Mpiga picha, mwenye muziki, mwenye keki na mwenye gari la maharusi wote wanalipwa. Sisi mafundi tulioshona gauni la bibi harusi na sare za kamati tunalipwa, na nguo haitoki dukani kama bado kuna salio. Sasa njoo kwenye kwaya. Mwalimu amewafundisha wimbo mpya kwa wiki tatu, kwa sababu bibi harusi aliutaka huo na si mwingine. Siku ya siku kwaya inapewa soda, na mwalimu anapewa mkono. "Mungu akubariki sana, mwalimu." Basi, imeisha hiyo.

Sisi ni mafundi cherehani. Tumeshona sare za kwaya miaka mingi, za wazee, za vijana, za akina mama na za watoto wa Sunday School. Wanakwaya wa mtaa huu tunawajua kwa vipimo vya kifua na kiuno. Mfuko wa kwaya nao tunaujua, kwa sababu mweka hazina ndiye anayetuletea malipo. Kwa hiyo tafadhali, tusiambiwe kwamba kwaya hazina pesa. Pesa ya sare ya Pasaka inapatikana. Ya sare ya Krismasi inapatikana. Ya sare ya kurekodia video inapatikana haraka kuliko zote. Kuna kwaya moja, jina tunalihifadhi, ilishona sare tatu ndani ya mwaka mmoja. Mwaka huohuo mwalimu wao alikuja dukani kwetu kukopa nauli ya kwenda kumwona mama yake mgonjwa. Hatukujua tumtazame usoni au tutazame vitambaa vilivyolundikana mezani.

Kazi yenyewe ni ipi?

Wanaosema "kuimbisha si kazi" wangekuja kukaa Pasiansi mwezi mmoja. Mtaa wetu ni mtaa wa watu waliotoka kwingine. Kuna Wasukuma wa Magu na Kwimba, Wakerewe na Wakara waliovuka maji, Wajita, Wahaya, Wakurya na Wajaluo. Kuna akina mama wanaowahi dagaa Mwaloni Kirumba kabla ya jua, kuna vijana wa chuo cha wanyamapori, kuna wapangaji wa chumba kimoja ambao jirani wa ukuta wa pili hawamjui hata jina.

Msichana anashuka kwenye meli na begi moja. Hana ndugu, ana namba ya simu tu ya mtu aliyemwahidi kazi. Jumapili ya pili anajikaza, anaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Swali la kwanza haulizwi kabila wala haulizwi baba yake ni nani. Anaulizwa, "Dada, unaimba sauti ya ngapi?" Akisema hajui, mwalimu anamwambia imba nami hapa, anamsikiliza, anamwonyesha pa kukaa. Mwezi haujaisha, msichana yule ana watu arobaini ambao asipoonekana wataulizana yuko wapi. Akiugua, kwaya inakuja. Akifiwa, kwaya inakesha naye, inachanga rambirambi, inaimba kaburini. Akiolewa, kwaya ndiyo inayokuwa upande wake, maana ndugu zake wako mbali.

Watu wanadhani mambo haya yanajitokea yenyewe. Hayajitokei. Yupo mtu anayeyatengeneza. Mwalimu ndiye anayejua kwamba dada wawili wa sauti ya pili wamegombana, kwa sababu kila mmoja anaimba kama vile mwenzake hayupo. Ndiye anayewapigia simu usiku. Ndiye anayekwenda nyumbani kwa mwanakwaya aliyekata mguu kuja mazoezini, anakuta tatizo ni nauli, au mume, au aibu ya kukosa mchango wa sare. Ndiye anayenakili nota kwa mkono, anatoa fotokopi kwa pesa yake, anafundisha sauti moja huku wengine watatu wakipiga soga, halafu anawaunganisha wote mpaka wanasikilizana. Kusikilizana huko mnakokusifia siku ya Jumapili kulianza Jumanne, watu wakiwa wamechoka na wana njaa.

Tupige hesabu ya fundi. Chukua kwaya inayofanya mazoezi mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara. Hizo ni saa 4. Ongeza saa 3 za Jumapili, zinakuwa 7. Zidisha kwa wiki 52, unapata saa 364 kwa mwaka, na hapo hatujagusa misiba, harusi, mikesha wala safari. Fundi anayekaa kwenye cherehani saa 8 kwa siku angezimaliza saa hizo kwa siku zaidi ya 45 za kazi. Nani kati yetu angeshona siku 45 kwa soda?

Wengine hawaamini mpaka waambiwe na wasomi. Haya, mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Eiluned Pearce, Jacques Launay na Robin Dunbar, walichapisha utafiti wao kuhusu madarasa ya watu wazima. Madarasa mengine yalikuwa ya kuimba, mengine ya kazi za mikono, mengine ya uandishi. Waliwafuatilia kwa miezi saba. Mwishoni watu wa madarasa yote walikuwa wamezoeana vizuri, lakini wale wa kuimba walikuwa marafiki mapema zaidi ya wengine wote. Sisi watu wa kazi za mikono tunakubali tumeshindwa. Ukiwa na mtaa wa wageni watupu na unataka wawe majirani upesi, waimbishe. Na anayewaimbisha ana jina.

Wazee wetu walilijua hili

Hatuhitaji kwenda Oxford, kusema kweli. Twendeni Bujora, pale Kisesa, si mbali na mji. Kila mwaka mwezi wa sita, katika sikukuu ya Bulabo, vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu vinashindana. Vyama hivyo viwili vinatokana na wacheza ngoma wawili wa zamani, Ngika na Gumha, walioshindana karne ya 19. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, yanatazamana, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Ndiyo maana kiongozi wa ngoma na mtunzi, anayeitwa ningi, hachukuliwi kama mtu wa kupita. Kwa Wasukuma mtu anayeweza kuimba umati ukasogea ni mtu mzito.

Pale pale Bujora, miaka ya 1950, mmisionari kutoka Canada, Padre David Clement, alianza kuuleta muziki wa Kisukuma na ngoma zake ndani ya ibada, wakati makanisa mengi bado yaliona ngoma ni jambo la kuachwa nje ya mlango. Aliona kitu ambacho sisi tunakisahau: hawa watu tayari wanajua kukusanyika kwa wimbo, na kanisa lisiwaambie waanze upya.

Jirani zetu Kenya nao walimwona Boniface Mganga, kiongozi wa Muungano National Choir. Kwaya yake iliirekodi Missa Luba mwaka 1990, ikasikika mpaka Ulaya, na yeye baadaye wananchi wa Voi walimpeleka bungeni. Mtu aliyezoea kusimamisha watu wa sauti nne wakaimba kitu kimoja si ajabu akaaminiwa kuwaongoza.

Na kama hayo hayatoshi, simameni tuimbe wimbo wa taifa. Muziki wa Mungu Ibariki Afrika ulitungwa mwaka 1897 na mwalimu wa kwaya. Jina lake Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika kwa do-re-mi kwenye daftari, kama wafanyavyo walimu wetu hapa mpaka leo. Alifariki mwaka 1905 akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Miaka 7 baadaye, 1912, wimbo wake uliimbwa kwenye mkutano wa kwanza wa chama ambacho leo ni ANC. Tanganyika ilipopata uhuru 1961, tulisimama kwa wimbo huo. Rais anasimama kwa wimbo huo. Jeshi linasimama kwa wimbo huo.

Na yeye mwenyewe? Kaburi lake halikujulikana lilipo kwa miaka mingi. Lilitambuliwa miaka ya 1990, na Mandela akalizindua kama kumbukumbu ya taifa mwaka 1996, miaka 91 baada ya kifo chake. Inasimuliwa kwamba mjane wake, Diana, aliuza haki za wimbo ule kwa vijisenti tu.

Dada zetu, tukae hapo kwa huyo mjane, maana hapo ndipo panapotuuma.

Anayelipa ni mke

Tunaposema "Mungu atamlipa", watoto wa mwalimu wanakula nini kabla malipo hayo hayajafika? Wanakula maandazi ya mama yao. Wanalipiwa michango ya shule na genge la mama yao. Mke wa mwalimu wa kwaya ndiye mfadhili mkuu wa kwaya za mji huu, na hakuna aliyewahi kumsomea risala. Mume anatoka saa kumi na moja jioni kwenda mazoezini, anarudi saa tatu usiku, hana shilingi aliyokuja nayo na ameacha elfu mbili ya fotokopi. Mke akilalamika anaambiwa anapingana na utumishi. Anaambiwa ana roho ya dunia. Nani alimpa yeye mkataba wa kuitegemeza kwaya ya watu arobaini kwa sufuria moja ya mafuta?

Tunaandika kwenye ukurasa wa wanawake, kwa hiyo tuseme wazi. Kila kazi ya kanisa inayofanywa bure na mwanamume mwenye familia inalipwa na mwanamke, nyuma ya nyumba, kimyakimya. Kutolipa si kuokoa pesa ya kanisa. Ni kumtwisha mwanamke mmoja deni la watu wote.

Dada zetu Waislamu wanaotusoma, na mlio wengi huko visiwani, jiulizeni pia kuhusu ustadhi anayewafundisha watoto wenu kasida za Maulidi. Mnajua wenyewe anaondoka na nini.

Tunajua mtakachosema

Mtasema anamwimbia Mungu. Ndiyo. Mchungaji naye anamhubiri Mungu, na anapata posho na nyumba. Mlinzi wa kanisa analinda nyumba ya Mungu, na akikosa mshahara miezi miwili anaacha geti wazi. Hakuna aliyewahi kusema hao wamemuuza Yesu.

Mtasema ni kipaji, na kipaji alipewa bure. Kushona nako ni kipaji. Wapo wanaotuambia tushone bure kwa sababu hiyo hiyo, na hao tunawajua, wakija dukani tunajifanya umeme umekatika.

Mtasema Biblia haijui mambo ya kulipa waimbaji. Hapo ndipo tunawaomba mfungue Nehemia sura ya 13. Nehemia aliporudi Yerusalemu alikuta Walawi na waimbaji hawapewi mafungu yao, na kila mmoja amekimbilia shambani kwake kutafuta chakula. Hakuwaita waimbaji kuwakemea kwa kukosa moyo wa kujitolea. Aliwageukia viongozi akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imetelekezwa, kisha akawarudisha waimbaji kwenye nafasi zao. Katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 15, Kenania anawekwa kuwa msimamizi wa uimbaji kwa sababu alikuwa na ujuzi. Na sura ya 9 inasema waimbaji waliondolewa kazi nyingine, maana ya kwao iliwashika mchana na usiku. Sasa hesabuni wenyewe walimu wangapi wa kwaya mjini Mwanza wamekimbilia mashambani kwao, yaani kwenye bodaboda, kwenye samaki, kwenye kuimbisha kampeni za siasa ambako angalau kuna bahasha.

Mtasema wapo walimu wabaya. Wapo. Wapo wanaochelewa, wapo wanaotongoza wasichana wa kwaya, wapo waliokimbia na pesa ya kurekodi. Lakini mtu usiyemlipa utamwajibishaje? Akikosea mnamwogopa, kwa sababu akiondoka hamna wa kumweka. Mwenye mkataba na posho anaitwa, anaonywa, anaondolewa, na mwingine anatafutwa. Wasichana wetu wangekuwa salama zaidi.

Na hili la mwisho linatuhusu sisi. Hesabuni safu za kwaya, wanawake ndio wengi. Tazameni anayesimama mbele, ni mwanamume. Msichana mwenye sikio zuri anapewa kamati ya chakula. Wale wachache wanaofundisha, wakiolewa wanaacha, kwa sababu hakuna mume atakayekubali mke wake awe nje mpaka saa tatu usiku kwa kazi isiyoleta hata sabuni. Mjue kwamba njia ya kufundisha kwa do-re-mi, iliyowafikia akina Sontonga na sisi, ilianza na mwanamke, Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, aliyeitumia kuwafundisha watoto kuimba. Mchungaji John Curwen aliichukua na kuikuza miaka ya 1840, na jina lake ndilo likavuma. Mwanamke alitengeneza chombo, na leo binti zake wanagawa wali. Kazi hii ikiwa na malipo, mwanamke anaweza kusema "ninaenda kazini", na mlango ukafunguliwa.

Tunachotaka

Hatuombi mambo ya ajabu. Kwanza, kila kwaya imwandikie mwalimu wake posho ya mwezi kwenye bajeti, ndogo au kubwa, lakini imeandikwa na ina tarehe. Ianzie na nauli na fotokopi, kisha bima ya afya yake na ya watoto wake. Pili, harusi ilipie kwaya kama inavyomlipia mpambaji, na fungu la mwalimu lijulikane kabla ya siku. Tatu, nyimbo alizotunga ziandikwe kwa jina lake na zisajiliwe COSOTA. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki zake, na akifa warithi wake wanazirithi. Mjane wake asije akauziwa urithi wake kwa vijisenti kama Diana. Nne, kila kwaya iwe na mwalimu msaidizi mwanamke, anayefundishwa kwa makusudi, si wa kushikilia nafasi siku mwalimu akiugua.

Mkikosa pesa ya kuanzia, tunawaambia sisi wenyewe tunaopoteza: acheni sare moja mwaka huu. Imbeni Krismasi na vitenge vya Pasaka, tutawarekebishia viuno. Malaika waliowaimbia wachungaji wa Bethlehemu hakuna aliyeuliza nani aliwashonea.

Jumapili hii ibada ikiisha, msikimbilie kupiga picha. Mtafuteni mweka hazina wa kwaya, mmuulize swali moja tu: mwalimu wetu analipwa nini? Akicheka, msicheke naye. Subirini jibu.